Kutojua Si Utovu wa Adabu

Ndugu msomaji, tuna swali dogo la kukuuliza, na twakuomba usilijibu kwa haraka. Mtoto ameulizwa na mwalimu wake saba mara nane ni ngapi, akanyamaza. Je, amefanya kosa gani? Hakuiba, hakutukana, wala hakumpiga mwenziwe. Hakujua tu, au alijua likampotea. Basi mbona katika skuli zetu nyingi, na katika vyuo vyetu pia, adhabu inayofuata ni ile ile ya mwizi na mtukanaji?

Wako watakaosema kuwa hilo ni jambo la walimu, sisi wazazi halituhusu. La! Mwalimu hafanyi darasani ila lile ambalo wazazi wamelikubali, ama kwa kusema ama kwa kunyamaza. Tena swali hili ni la haki kabla ya kuwa la ufundi wa kusomesha. Mtoto amepelekwa skuli kwa sababu hajui. Lau angelikuwa anajua, asingelikuwa na haja ya kwenda. Kumpiga kwa kutojua ni mfano wa tabibu kumpiga mgonjwa kwa kuwa ana homa.

Ili tulitazame jambo hili bila ya kujipendelea, na tuondoke kidogo hapa pwani petu, twende mpaka mkoa wa Mara, kaskazini ya Tanzania, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Mambo ya nyumbani mtu huyazoea hata asiyaone. Ya mbali huyaona waziwazi, na akirudi kwake huwa macho yamefunguka.

Tarime imepakana na Kenya; Serengeti, ambayo mji wake mkuu ni Mugumu, imepakana na mbuga mashuhuri ya wanyama. Wengi wa wenyeji ni Wakurya, na huko Serengeti wamo pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Ni wakulima na wafugaji. Sisi wa pwani watoto wetu huzaliwa ndani ya Kiswahili. Siku ya kwanza ya skuli wana kazi moja, nayo ni kujifunza kusoma. Mtoto wa kijiji cha Tarime aliyelelewa kwa Kikurya huwa na kazi mbili kwa pamoja: kujifunza Kiswahili, na kujifunza kusoma kwa hicho Kiswahili asichokijua. Hatusemi kuwa Tanzania ilikosea kukifanya Kiswahili lugha ya skuli za msingi. Umoja iliopata taifa hilo kwa lugha yetu hauna mfano. Twasema tu kuwa mzigo wa mtoto huyu ni mara mbili ya mzigo wa mtoto wako, naye hulipwa kwa kipimo kile kile.

Na hapo mpakani pana ajabu ya kuzingatia. Wakurya wako pande zote mbili. Lugha ni moja na jamaa ni wamoja. Upande wa Kenya, siasa ya elimu yasema watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, ijapokuwa si kila skuli hufuata. Na bakora skulini ilipigwa marufuku mwaka 2001. Upande wa Tanzania mtoto huanza na Kiswahili, na kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi vinne. Basi watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja Isebania na mwingine Sirari, wakikosea hesabu moja siku moja, yatakayowapata huenda yakatofautiana kwa sababu ya mstari uliochorwa na wageni zamani. Je, haki ya mtoto yaweza kubadilika kwa kuvuka mstari?

Sasa na turejee kwa yule mtoto aliyenyamaza. Wataalamu wa elimu ya nafsi, ndiyo waiitayo saikolojia, watatuambia kuwa kunyamaza kwake kwaweza kuwa na sababu nyingi, nasi tutataja nne. Ya kwanza, hakulifahamu swali, kwa kuwa lugha ni ngeni kwake. Ya pili, hakufunzwa jambo lenyewe, au alifunzwa siku asiyokuwepo. Ya tatu, alifunzwa akafahamu, kisha akasahau. Ya nne, anajua kabisa, lakini khofu imemfunga ulimi. Haya ni maradhi manne na kila moja lina dawa yake. Wa kwanza ataka kuelezwa maneno, wa pili ataka kufunzwa, wa tatu ataka kukumbushwa, wa nne ataka kutulizwa. Fimbo huwatibu wote wanne kwa dawa moja, nayo haimponyi hata mmoja wao. Na huyo wa nne humzidishia maradhi.

Huenda msomaji akasema: "Lakini khofu humfanya mtoto azinduke." Neno hili lina ukweli kidogo, na yafaa tuone mpaka wake. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafunza panya wadogo kuchagua njia moja kati ya mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, na panya aliyekosea alipata mshtuko wa umeme. Kazi ilipokuwa nyepesi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze upesi. Ilipofanywa kuwa ngumu, mshtuko ulipozidi kiasi, kujifunza kukarudi nyuma. Panya si watu. Lakini yaliyoonekana baadaye kwa wanadamu hayako mbali na hayo. Pahala pa akili pa kushikia mambo kwa wakati mmoja ni padogo sana. George Miller mwaka 1956 alikisia kuwa ni kiasi cha mambo saba, na waliokuja baada yake wakaona ni machache kuliko hayo. Basi mtoto anayeitazama fimbo kwa jicho moja na hesabu kwa jicho la pili, nusu ya pahala hapo imekwisha kukaliwa na fimbo.

Kwa hivyo fimbo yaweza kumfanya mtoto anyamaze au akae wima, kwani hizo ni kazi nyepesi. Haimfanyi afahamu kugawanya, wala kusoma kwa lugha ngeni. Mwalimu huona darasa limetulia akadhani watoto wanajifunza. Kumbe wamejifunza, ila somo walilolipata ni jingine: wamejifunza kuficha. Mtoto hanyooshi mkono, ananakili kwa jirani yake, anasema "ndiyo" akiulizwa kama amefahamu. Na hapa ndipo lilipo shina la maneno yetu yote. Kosa la mtoto ndilo dirisha ambalo mwalimu huchungulia ndani ya akili yake. Mwenye kulipiga kosa hulifunga dirisha hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Chukua mfano. Mtoto amepewa hamsini na mbili atoe kumi na saba, akaandika arubaini na tano. Mwalimu wa fimbo huona jibu si sawa, na mambo yakaishia hapo. Mwalimu mwenye maarifa humwuliza: "Hebu nieleze, umefikaje?" Naye mtoto atasema: "Saba toa mbili, tano, tano toa moja, nne." Kumbe hakubahatisha! Amefuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia mwenyewe: siku zote toa dogo katika kubwa. Mtoto huyo ana akili ya kutunga kanuni. Amekosa mtu wa kumwonyesha pahala ilipopinda. Ukimpiga, ataificha kanuni yake potofu akabaki nayo mpaka ukubwani. Ukimsikiliza kwa dakika moja, umemtibu.

Wala mtoto haji darasani na kichwa kitupu. Mvulana wa Tarime aliyechunga tangu udogo wake huwajua ng'ombe wa kwao mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, na jioni hutambua aliyepotea kabla hajahesabu. Akiitwa mbele ya ubao na kuambiwa mjinga, ni nani mjinga hapo? Wataalamu wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Robert Sternberg, walikwenda Usenge, upande wa Kenya wa ziwa kubwa, wakawapima watoto 85 wa Kiluo wenye miaka 12 hadi 15. Waluo hao ni ndugu wa Waluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime mpaka mwaka 2007. Watoto waliulizwa juu ya miti ya dawa inayotumika kwao, na pia wakapewa mitihani ya kawaida. Ilionekana, katika khabari iliyotolewa mwaka 2001, kuwa waliojua zaidi dawa za miti walielekea kupata kidogo katika mtihani wa maneno ya Kiingereza. Akili ilikuwapo, ilikuwa imetumwa kwingine.

Wataalamu hao hao walifika hata pwani yetu, katika skuli za karibu na Bagamoyo. Waliwapa watoto zaidi ya 300 mtihani, kisha wakawafunza kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali kama hayo, kisha wakawapima tena. Watoto walipanda, na lililo muhimu zaidi, nafasi zao zilibadilika, hata aliyekuwa nyuma mwanzo hakuwa lazima awe nyuma mwisho. Maana yake ni kuwa mtihani wa kwanza ulipima walichokwisha kukipata, haukupima wanachoweza kukifikia. Ni mara ngapi sisi tumemhukumu mtoto kwa mtihani wa kwanza tukamwita kichwa kigumu maisha yake yote?

Tena kuna khofu nyengine ambazo mtoto huja nazo kutoka nyumbani. Katika wilaya hizo mbili, msichana wa darasa la sita au la saba huuona mwezi wa Desemba ukikaribia akijua kuwa huenda akapelekwa kukeketwa, jambo lililokatazwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kwa aliye chini ya miaka 18, na ambalo kwa wengine hufuatiwa na ndoa na kuacha skuli. Wako wasichana waliokimbia makwao wakapata hifadhi Masanga, Tarime, na katika nyumba salama ya Mugumu iliyoanzishwa na Bibi Rhobi Samwelly. Mtoto kama huyo akiwa darasani macho yako dirishani, mwalimu atasema ni mvivu. Nasi tusijione tumesalimika. Watoto wa pwani nao huja skuli na ugomvi wa wazazi, na njaa, na talaka. Mwalimu anayeuliza "Una nini, mwanangu?" kabla ya kuinua mkono huenda akaokoa zaidi ya somo la siku moja.

Na sheria yenyewe yasemaje? Kanuni zile za Tanzania za mwaka 2002 zaweka adhabu ya viboko kwa uvunjaji mkubwa wa nidhamu na makosa mazito. Zataka idhini ya mwalimu mkuu, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Hazikutaja hesabu iliyokosewa wala neno lisilosomeka. Lakini uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kiasi cha nusu ya vijana, wake kwa waume, walisema waliwahi kupigwa na mwalimu utotoni. Je, nusu ya watoto wa nchi ni wavunjaji wakubwa wa nidhamu? Hapana shaka wengi wao walilipishwa kwa kutojua. Na mwaka 2018 huko Bukoba, mwanafunzi wa skuli ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi, na baadaye ikaonekana hakuiba.

Sasa na tuwasikilize wenye rai nyengine, kwani nao wana hoja. Hoja ya kwanza ni ya wazee: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Ni kweli, na methali hii hatuitupi. Lakini methali yazungumza juu ya malezi ya tabia: mtoto anayejua jema akaliacha, akakatazwa akarudia. Haikusema mchelea mwana kukosea.

Hoja ya pili ni: "Sisi tulichapwa, tukasoma." Basi mwenye kusema hivyo na ajiulize: wale niliokaa nao jamvi moja, wakachapwa, wakakimbia wasirudi, wako wapi leo waje watoe ushahidi wao? Wao hawaandiki magazetini wala hawaketi barazani kutoa rai. Tukiwahesabu waliofika tu, kila njia huonekana njema.

Hoja ya tatu ni ya dini. Yuko atakayesema kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtoto apigwe kwa ajili ya Sala afikapo miaka kumi. Lakini itazame vyema hadithi hiyo. Yaamrisha mtoto afunzwe Sala tangu miaka saba. Kwa hivyo baina ya mafunzo na adhabu pana miaka mitatu mizima. Tena adhabu yenyewe ni kwa mwenye kuiacha ilhali amefunzwa, wala si kwa aliyekosea akijifunza, na wanavyuoni wameiwekea masharti ya kutodhuru. Kwa aliyekosea tunao mwendo wake mwingine. Alimwona mtu akisali harakaharaka msikitini, akamrudisha asali tena, mara ya pili na ya tatu, mpaka mtu yule mwenyewe akakiri kuwa hajui vizuri zaidi ya hivyo na akaomba afunzwe. Ndipo akamfunza hatua kwa hatua. Aliliacha kosa lidhihirike, akangoja mwenyewe aitamani elimu, kisha akampa. Hapana mwalimu wa zama zetu, hata awe na shahada ngapi, atakayepata njia iliyo bora kuliko hiyo.

Wanavyuoni wetu walilifahamu hili mapema. Imam Ghazali ametaja katika wajibu wa mwalimu kuwa amhurumie mwanafunzi kama mwanawe, asimpe zaidi ya ufahamu wake, na amrekebishe kwa ishara kabla ya kumkabili kwa maneno makali. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza kuwa mtoto anayelelewa kwa ukali hupoteza uchangamfu, akawa mvivu, akajifunza uwongo na hila ili ajikinge na mikono ya mkubwa wake. Naye amesema somo lirudiwe mara tatu, kila mara kwa kina zaidi. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke huko Marekani walionyesha kuwa msomaji anayejaribu kukumbuka alichosoma hukihifadhi kwa muda mrefu kuliko anayekisoma tena na tena. Hayo wanafunzi wa chuoni wanayajua. Ndiyo faida ya kumsomea mwenzio kwa moyo na kudurusu juzuu ya jana kabla ya kushika ya leo.

Hoja ya nne ndiyo iliyo nzito, nayo ni ya walimu wenyewe. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza kutekelezwa nchini Tanzania mwaka 2016, madarasa yalifurika. Mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake, mbali na kwao, katika kijiji asichojua lugha yake, atamsikiliza nani? Tusimdharau mtu huyu, wala tusimlaumu kwa uhaba ambao hakuuleta yeye. Lakini fimbo nayo haimpunguzii watoto hao mia. Yako yanayowezekana. Aanze somo kwa maswali matatu ya jana, na kila mtoto aandike jibu, hata kwa kijiti mchangani, ili mwalimu apite na aone kwa mkupuo mmoja waliopotea. Achukue kosa moja lililoenea, alitangaze bila ya kumtaja mwenyewe, walitengeneze pamoja. Amruhusu mtoto aliyefahamu amweleze mwenziwe kwa Kikurya, kisha waseme kwa Kiswahili. Lugha ya mama iwe ngazi, isiwe kosa la kuadhibiwa. Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata mradi wa elimu uliosaidiwa na Uingereza, ambao baina ya mengine uliwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza, ili Kiswahili kisiwashtukize. Fikra hiyo ni njema, na haihitaji mradi ili iendelee.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Watu wengi wakisikia "Mkurya" husema: mkali, mtu wa vita, haendi ila kwa nguvu. Mwalimu aliyetoka Tanga au Lindi akipangiwa Tarime huanza safari na maneno hayo masikioni. Nao wa bara wakisikia "mtoto wa pwani" husema: mvivu, skuli haimo damuni mwake. Je, sisi twaridhika mwanetu apimwe kwa neno hilo kabla hajafungua daftari? Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson walitoa kitabu kuonyesha kuwa walimu walioambiwa fulani na fulani watachanua waliwatendea kwa namna iliyowafanya wachanue kweli, ingawa walichaguliwa kwa bahati nasibu. Waliofuata waliona athari hiyo ni ndogo kuliko ilivyodaiwa. Lakini hata ikiwa ndogo, mtoto huibeba kila siku kwa miaka mingi. Tusilokubali kutendewa wanetu, tusikubali watendewe wana wa wenzetu.

Basi, ndugu msomaji, la kufanya li karibu nawe. Mwanao akirudi leo, usimwulize kwanza amepata ngapi. Mwulize: "Leo umekosea nini, na nani aliyekuonyesha?" Akiweza kukujibu bila ya kutazama chini, jua kuwa yuko katika mikono mizuri, nenda ukamshukuru mwalimu wake. Akikwambia hajakosea kitu tangu mwaka uanze, nenda pia, kwa adabu, ukaulize kwa nini. Mtoto ni amana, na kutojua kwake ni sehemu ya amana hiyo. Tumepewa tukuondoe, hatukupewa tukulipize.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote, wazazi na walimu. Amin.